"Title deed" maana yake nini hasa, na kwa nini kuonyeshwa pekee hakutoshi

Kati ya maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika mazungumzo yetu ya mashambani, machache yana uzito kama "title deed". Hata wazee wasiozungumza Kiingereza hulitamka bila shida: taitodidi. Hutajwa shamba linapouzwa, mzazi anapotafuta mkopo wa karo ya chuo, na ndugu wanapokosana baada ya mazishi. Wanasiasa nao wamelichukua. Utamsikia mmoja jukwaani akisema hakuna mtu aliye na title deed ya kiti hicho.

Hapa studioni, swali kuhusu neno hili huja mara nyingi kwa sura moja: "Kuna mtu anauza shamba. Amenionyesha title deed, na jina ni lake. Nitoe pesa?"

Jibu fupi ni kwamba usitoe bado. Jibu refu ndilo makala hii, na linaanzia kwenye neno lenyewe, maana wengi wanaopoteza pesa za shamba hawakuonyeshwa karatasi ya uongo. Walionyeshwa karatasi ya kweli, wakadhani inasema mambo ambayo haisemi.

Neno moja lililoundwa na mawili

Tuanze na "deed". Katika Kiingereza cha kawaida ni tendo, kama mtu anaposifiwa kwa matendo mema. Katika sheria ya Waingereza, "deed" ni waraka uliotiwa sahihi kwa utaratibu maalumu mbele ya shahidi. Waraka huo ulionekana kuwa na nguvu ya kutenda jambo: ukishatiwa sahihi na kukabidhiwa, shamba limehama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

"Title" lina maana nyingi zaidi. Ni jina la kitabu. Ni cheo kinachotangulia jina la mtu, kama Daktari au Mheshimiwa. Kwa mabondia ni taji. Lakini kwa mawakili ni haki ya kumiliki, yaani ile sababu inayomwezesha mtu kusema "hiki ni changu" na sheria ikamkubalia. Haki hiyo haishikiki kwa mkono. Huwezi kuikunja ukaiweka sandukuni.

Sasa tuyaunganishe. Kiingereza kinapoweka nomino mbili pamoja, ya mwisho ndiyo kitu chenyewe, na ya kwanza inaeleza ni kitu cha aina gani. "Tea farm" ni shamba, wala si chai. Kwa hiyo "title deed" ni waraka. Ni waraka unaohusu haki, lakini unabaki kuwa waraka. Kiswahili kinageuza mpangilio na kuanza na kile kilicho muhimu: hati, kisha miliki. Hatimiliki. Ukilisikiliza vizuri neno letu wenyewe, linakuonya mapema kuliko la Kiingereza: ulichoshika ni hati.

Nitaje na jambo dogo la tahajia, kwa sababu linasumbua kwenye ujumbe wa simu na hata kwenye mabango ya wauza ploti. Wengi huandika "tittle deed", kwa herufi t mbili katikati. "Tittle" ni neno jingine kabisa la Kiingereza. Ni kile kidoti kinachokaa juu ya herufi i. Nimeona bango kubwa kando ya barabara likiahidi "ready tittle deeds". Kosa la tahajia halimfanyi mtu kuwa tapeli, lakini mwenye bango hilo anauza mamia ya ploti na hajasoma hata kichwa cha karatasi anayoiuza.

Waingereza wanalitumia tofauti na sisi

Uingereza, mtu akizungumzia "title deeds" za nyumba yake, kwa kawaida hutumia wingi. Ana maana ya rundo la karatasi za zamani: huyu alimuuzia yule mwaka fulani, yule akamrithisha mwanawe, mwana akaweka rehani, na kadhalika. Zamani hapakuwa na daftari moja la nchi nzima. Ulithibitisha umiliki kwa kutoa mnyororo wa karatasi hizo bila pengo. Karatasi ikipotea, pengo hilo lilikuwa janga.

Mfumo mwingine ulianzia Australia Kusini mwaka 1858, ukisukumwa na Robert Torrens. Wazo lake lilikuwa kwamba serikali iweke daftari. Kila kipande cha ardhi kiwe na ukurasa wake, na anayeandikwa pale ndiye mwenye ardhi. Karatasi anayopewa nyumbani ni nakala ya kile kilichoandikwa kwenye daftari.

Usajili wa mashamba ya Kenya ulijengwa juu ya wazo la daftari. Ulishika kasi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, serikali ya kikoloni ilipoanza kuunganisha na kupima mashamba katika eneo la kati, kisha kazi hiyo ikaenea kwingine. Lakini jina tuliloshika ni lile la zamani, la enzi za mnyororo wa karatasi. Ndiyo maana mtu wa kwetu hudhani kwamba aliyeshika karatasi ameshika shamba. Kwa Mwingereza wa karne ya 18 hilo lingekuwa karibu na ukweli. Kwetu, shamba liko kwenye rejista katika ofisi ya ardhi, na karatasi ya nyumbani ni picha ya rejista hiyo siku ile ilipotolewa.

Kumbuka hapo: siku ile ilipotolewa. Kama hati ilitolewa mwaka 1987, inakuonyesha mambo ya 1987. Rejista inaweza kuwa imeandikwa mengine mengi tangu hapo, na karatasi iliyo sandukuni isijue.

Sheria ya sasa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, hutumia jina jingine, "certificate of title", yaani cheti cha umiliki. Inasema pia kwamba cheti hicho ni ushahidi wa awali wa yale yaliyoandikwa ndani yake, na kwamba ardhi iko chini ya kila kitu kilichoingizwa katika rejista. Ukiulizwa na mtu "rejista inasema nini?", usimsomee karatasi.

Kama unatusikiliza ukiwa upande wa Tanzania, fahamu kwamba mambo ni tofauti kidogo. Huko ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachopewa ni haki ya kuitumia. Kijijini ni hati ya hakimiliki ya kimila, iliyowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Yanayofuata hapa ni ya Kenya.

Jinsi ya kuisoma

Mtu akikupa hati mkononi, angalia kwanza namba ya kipande. Ina jina la eneo la usajili, mara nyingi jina la mtaa au kata, kisha tarakimu. Hiyo namba ndiyo kitambulisho cha shamba. Inakili vizuri, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa utafanya uchunguzi wa shamba la mtu mwingine.

Kisha kuna ukubwa, na hapa wengi huteleza. Hati huandika hekta, nasi huzungumza ekari. Ekari moja ni karibu hekta 0.405. Kwa hiyo hati ikisema hekta 0.4, hilo si shamba la chini ya nusu ekari kama wengine wanavyodhani. Ni karibu ekari nzima. Ploti ya futi hamsini kwa mia, ambayo tumezoea kuiita robo ya nusu ekari, ni takribani hekta 0.046. Ukiuziwa "ekari moja" na hati ikasema hekta 0.2, umeuziwa nusu.

Angalia pia neno linaloambatana na ukubwa huo: "approximate", maana yake takriban. Halikuandikwa kama pambo. Ukubwa ulio kwenye hati na ramani ya ofisi ya ardhi kwa sehemu nyingi za mashambani ni wa makadirio, na mpaka kamili hutafutwa ardhini, kwa ua, mtaro au mawe ya mipaka. Hati haikuonyeshi shamba liko wapi. Tapeli hodari anaweza kukupeleka kwenye shamba zuri kando ya lami, akakuonyesha hati halali kabisa ya kipande kingine kilicho bondeni kwenye mawe. Kila kitu kwenye karatasi kitakuwa kweli. Dawa yake ni mpima ardhi aliyesajiliwa, aje na ramani, asimame na wewe pale, na majirani wa pande zote wawepo. Majirani huwa wanajua mengi kuliko rejista.

Kisha kuna jina la mwenye ardhi. Likiwa moja, lilinganishe na kitambulisho cha muuzaji, namba kwa namba. Yakiwa mawili au zaidi, soma maneno yaliyofuata. Utakuta "joint tenants" au "tenants in common". Neno "tenant" hapo lisikupotoshe. Si mpangaji wa nyumba. Katika sheria ya ardhi wote wawili ni wamiliki. Tofauti ni kwamba katika umiliki wa aina ya kwanza, mmoja akifariki sehemu yake humwangukia aliyebaki. Katika aina ya pili, kila mmoja ana fungu lake, na fungu hilo huenda kwa warithi wake. Mume na mke walioandikishwa pamoja wangefanya vyema kujua wako katika kundi lipi. Wengi hawajui hadi siku ya msiba.

Kufanya sachi

Hatua inayotenganisha karatasi na ukweli wa leo ni uchunguzi rasmi wa rejista. Watu huuita sachi, nami nitauita hivyo. Ni ombi kwa msajili wa ardhi akuambie rejista inasema nini kuhusu namba fulani ya kipande. Jibu hutolewa kwa maandishi, likiwa na tarehe, na lina uzito ambao hati ya muuzaji haina, kwa sababu ni la juzi.

Unaweza kulifanya wewe mwenyewe. Si lazima uwe wakili, wala si lazima muuzaji akufanyie. Kwa kweli muuzaji akikuletea sachi aliyofanya yeye, mshukuru kisha kafanye yako. Utahitaji namba ya kipande, na kwa kawaida ofisi huomba kitambulisho chako na namba yako ya KRA. Mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na unaendelea kusambazwa. Piga simu au fika katika ofisi ya ardhi ya kaunti yako uulize kama ombi hupokewa kwa simu au dirishani.

Jibu likija, usiishie kwenye jina. Shuka chini, kwenye sehemu ya vizuizi. Kuna maneno manne ambayo ukiyaona unasimama.

La kwanza ni "charge". Hilo ni rehani. Shamba limewekwa kwa benki, chama cha akiba na mikopo au mkopeshaji mwingine, na deni halijaondolewa kwenye rejista. Muuzaji anaweza kuwa na nakala ya rangi inayong'aa, huku hati halisi iko kwenye kabati la benki.

La pili ni "caution". Hili linawekwa na mtu anayedai ana haki katika shamba hilo: mke, ndugu, mnunuzi wa awali aliyelipa nusu. Hiyo haimaanishi kwamba dai lake ni la kweli. Inamaanisha kuna mtu anayesema "ngojeni kwanza", na msajili hatahamisha shamba kabla jambo hilo halijasikizwa. Yapo pia "inhibition", ambalo ni zuio la mahakama, na "restriction", ambalo huwekwa na msajili mwenyewe, kwa mfano akishuku udanganyifu au kuona kuna mgogoro.

Sehemu hiyo ikiwa tupu na jina ni la muuzaji, umepiga hatua kubwa. Lakini kuna jina moja ambalo husumbua kuliko vizuizi vyote, nalo ni jina la marehemu.

Hati ya babu

Hii ndiyo hali tunayoulizwa kila juma. Hati ipo, ni halali, haina rehani. Jina lililoandikwa ni la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita. Anayeuza ni mjukuu au mwana wa kwanza. Familia nzima inakubali kwamba sehemu ile kando ya mto ni yake, alionyeshwa na baba yake, amelima hapo tangu ujana. Mzee wa kijiji yupo tayari kutia sahihi. Chifu anamfahamu.

Mjukuu huyo anaweza kuwa mkweli kabisa, na bado hana cha kukuuzia. Rejista haimjui. Mwenye shamba aliyeandikwa hawezi kutia sahihi kwa kuwa amefariki, na hakuna anayeruhusiwa kutia sahihi kwa niaba yake hadi mahakama imteue. Kesi hiyo ya mirathi watu huiita saksesheni. Huanza kwa barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote, huenda mahakamani, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na msimamizi huteuliwa. Kwa kawaida miezi 6 hupita kabla uteuzi huo haujathibitishwa na mgawo kukubaliwa. Hata msimamizi aliyeteuliwa haruhusiwi kuuza ardhi kabla ya uthibitisho huo.

Anayeuza mali ya marehemu bila mamlaka hayo hafanyi kosa la kifamilia tu. Sheria ya Urithi inalitaja kuwa ni kosa la jinai, lenye faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wewe mnunuzi unaweza kujenga, ukapanda parachichi, ukazika hata wazazi wako hapo, kisha baada ya miaka 15 shangazi aliyeolewa mbali akaja na wakili. Na mabinti wana haki. Sheria hiyo ikizungumza kuhusu watoto wa marehemu haisemi wavulana, wala haimtoi binti kwa sababu ameolewa. Barua ya chifu inayoacha majina ya mabinti imefungua mlango wa kesi hiyo kuvunjwa baadaye. Kwa Waislamu, mgawo hufuata sheria ya Kiislamu na Mahakama ya Kadhi husikiza kesi hizo, lakini kanuni ya kusubiri mamlaka kabla ya kuuza inabaki.

Nasema haya nikijua yanakera. Mirathi ni ghali kwa mtu wa kijijini, ni ndefu, na familia nyingi huogopa kuamsha ugomvi uliolala. Najua pia kwamba shida ya pesa haingoji miezi 6. Lakini hati iliyo kwa jina la babu ni picha ya mtu ambaye hayupo, na kadiri inavyokaa sandukuni ndivyo warithi wanavyoongezeka. Babu alikuwa na watoto 8. Sasa kuna wajukuu 40, na kila mmoja ana la kusema.

Hata pale shamba lilipoandikishwa kwa jina la mmoja, familia inaweza kuwa na haki isiyoonekana kwenye karatasi. Wakati wa kupima mashamba, mara nyingi mwana wa kwanza aliandikishwa kwa niaba ya wote. Mahakama ya Juu, mwaka 2018, katika kesi iliyotoka Meru, ilisema kwamba dhamana hiyo ya kimila inamfunga aliyeandikishwa hata kama haikuandikwa katika rejista. Kwa hiyo kabla ya kununua, tembea hapo shambani. Ukikuta nyumba ya ndugu, kaburi au mahindi ya mtu mwingine, uliza.

Usisahau mwenzi wa muuzaji. Shamba la ndoa haliuzwi bila idhini ya mke au mume, hata kama jina kwenye hati ni moja.

Zinazoitwa title deed na sio

Neno hili limependwa hadi likapewa karatasi ambazo si zake. Makubaliano ya mauzo yaliyoandikwa kwa wakili ni ahadi ya kuuza. Hayakufanyi mwenye ardhi. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi kinasema wewe ni mwanahisa wa kampuni. Barua ya mgao kutoka serikalini ni pendekezo, na Mahakama ya Juu ilisema wazi mwaka 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, kwamba barua hiyo peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Hati ya "lease" ni ya kweli, lakini ni ya muda, na muda huo umeandikwa. Ukinunua ploti mjini yenye miaka 11 iliyosalia, umenunua miaka 11 na matumaini ya kuongezewa.

Kisha kuna hati mama. Kampuni au mtu ana shamba la ekari 20 lenye hati moja. Anachora ploti kwenye karatasi, anaweka vigingi, anaanza kuuza hamsini kwa mia. Anakuonyesha hati, nayo ni ya kweli, sachi ni safi. Tatizo ni kwamba ploti namba 63 uliyolipia haipo katika rejista. Kilichopo ni ekari 20 kwa jina la muuzaji. Ili ploti yako iwepo, bodi ya ardhi iidhinishe ugawaji, mpima ardhi ajaze fomu za mutesheni, ramani irekebishwe, hati mama irudishwe na kufungwa, namba mpya zifunguliwe. Hadi hapo, muuzaji anaweza kuweka ekari zote 20 rehani, na ploti yako ndani yake. Uliza swali moja: "Namba ya kipande changu ni ipi?" Akikupa namba ya hati mama, bado huna ploti.

Bodi ya ardhi nayo isipuuzwe katika ununuzi wa kawaida. Kwa ardhi ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka ombi la idhini lipelekwe kwa bodi ndani ya miezi 6 tangu makubaliano kufanywa. Bila idhini makubaliano huwa batili, na unachobaki nacho kwa mujibu wa sheria hiyo ni haki ya kudai pesa zako kama deni. Wapo waliookolewa na mahakama baadaye, baada ya miaka ya kesi. Uliza tarehe ya kikao kinachofuata kabla hujatoa malipo ya kwanza.

Hati halali yenye mizizi mibovu

Kuna hali ngumu zaidi. Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ardhi iliyo karibu na ufuo wa Nyali. Kampuni ilinunua kutoka kwa mtu aliyekuwa na hati, ikasajiliwa, ikapewa hati yake. Mahakama ilirudi nyuma hadi mgao wa kwanza wa 1989, ikakuta kwamba haukufuata utaratibu na kwamba ardhi ile ilikuwa imetengwa kwa umma. Hati zote zilizofuata zikaanguka pamoja na ya kwanza.

Kwa mnunuzi wa kawaida, maana yake ni kwamba sachi inakuambia nani ameandikwa leo, lakini haikuambii aliandikwaje. Kama ardhi inapakana na mto, ufuo, msitu, barabara, shule au soko, mwombe wakili afuate historia yake nyuma kabisa. Katika ofisi nyingi za ardhi historia hiyo imo kwenye kadi ya kijani, inayoonyesha kila aliyewahi kuandikwa na tarehe yake. Shamba "la mtu binafsi" lililozaliwa ghafla katikati ya uwanja wa shule linahitaji maelezo marefu kuliko muuzaji kusema ana haraka ya pesa.

Hati ikipotea

Mafuriko, moto na panya huharibu hati kila mwaka, na wenyewe hudhani shamba limekwenda. Halijakwenda. Rejista ipo. Mwenye hati huripoti polisi na kupata hati ya kuthibitisha ripoti, huapa kiapo, kisha huomba msajili ampe nyingine. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na baada ya siku 60 msajili akiridhika hutoa hati mpya.

Utaratibu huo huo unaweza kutumiwa na mwizi, anayedai kwamba hati ya shamba lako imepotea na hali iko kwako salama. Matangazo hayo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka Ijumaa na husomeka kwenye simu. Yana jina la mwenye ardhi, namba ya kipande na ukubwa wake. Ukiona namba ya kipande chako pale na hukupoteza chochote, chukua hati yako, kitambulisho na nakala ya tangazo, uende kwa msajili wa ardhi kabla ya siku hizo 60 kuisha, na upeleke pingamizi lako kwa maandishi.